SEVA YA BARUAPEPE YA CHAMA: KUIWEKA NYUMBANI NA KUITIBU INAPOKWAMA

Ndugu Makatibu na Wanachama,

Katika ukaguzi wa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa tumbaku hapa Mpanda, niliomba kuonyeshwa barua zilizoandikwa kati ya chama na benki kuhusu mkopo wa pembejeo wa msimu uliotangulia. Katibu alinijibu kwamba barua hizo zimo katika sanduku la baruapepe la katibu aliyemtangulia. Sanduku lile lilifunguliwa kwa jina la mtu binafsi na kwa namba yake ya simu. Naye alikwisha kuhama mkoa, na namba ile ameiacha. Hapakuwa na wizi wala nia mbaya. Hata hivyo, wakulima waliodai kuwa walikatwa fedha za mbolea mara mbili hawakuwa na waraka wa kuonyesha. Shauri lao likamalizwa kwa nakala zilizotoka benki, maana yake ni kwamba upande mmoja ndio uliokuwa na ushahidi wa pande zote mbili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama chama cha msingi chaweza kutunza barua zake chenyewe, kama kinavyotunza muhuri wake na daftari lake la fedha. Kabla ya kumshauri mtu yeyote niliona yafaa nijaribu mwenyewe. Nikaweka seva ya baruapepe nyumbani kwangu, katika kata ya Nsemulwa, nikaiendesha kwa msimu mzima. Makala hii yaeleza niliyojifunza: jinsi ya kuiweka, jinsi ya kuitibu inapokwama, na ni chama gani kisijaribu kabisa.

BARUA HUSAFIRI VIPI

Baruapepe si jambo jipya. Mwaka 1971, huko Marekani, Ray Tomlinson alituma ujumbe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa njia ya mtandao, akachagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine yake. Mwaka 1982 zikachapishwa kanuni za kupokezana barua zinazoitwa SMTP, na mpaka leo seva zote duniani husemezana kwa kanuni hizo, ingawa zimerekebishwa mara kadhaa.

Safari ya barua hufanana na safari ya robota la tumbaku. Mkulima hulifikisha robota ghalani kwa chama. Chama huliandika na kulipeleka sokoni. Sokoni mteuzi hulitazama, akalipokea au akalikataa. Na kila hatua huacha maandishi. Vivyo hivyo, barua ya Katibu hutoka katika simu au kompyuta yake ikaingia katika seva ya chama. Seva ya chama hutazama daftari la majina la intaneti, liitwalo DNS, ili ijue ni seva ipi inayopokea barua za yule anayeandikiwa. Kisha huigongea seva hiyo mlango wa namba 25 na kukabidhi mzigo. Seva ya upande wa pili hujibu kwa namba ya tarakimu 3: imepokea, irudi baadaye, au imekataa. Majibu hayo yote huandikwa katika daftari la matukio la seva.

Jambo la kushika ni kwamba barua haihitaji njia iwe wazi saa zote. Yahitaji mahali pa kungojea. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, wasomi wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, walipata baruapepe kupitia kituo kilichoitwa MUKLA, ambacho kilikusanya barua na kuzipeleka kwa mkupuo kwa njia ya simu. Huko Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Rhodes kilipounganishwa na intaneti mwezi Novemba 1991, upande wa pili wa laini haukuwa katika jengo la serikali wala la kampuni: ulikuwa nyumbani kwa mhandisi Randy Bush, mjini Portland, Marekani. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kutuambia kwamba mtambo wa barua hauwezi kukaa katika nyumba ya kawaida. Swali ni kama mwenye nyumba yuko tayari kuutunza.

MAHITAJI

La kwanza ni jina. Chama kisajili jina lake la intaneti, ambalo wataalamu huliita kikoa. Majina yanayoishia na .tz husajiliwa kwa mawakala walioidhinishwa. Na tangu mwaka 2000 iliidhinishwa pia ngazi ya.coop, ambayo imetengwa kwa ajili ya vyama vya ushirika duniani. Jina liandikwe kwa chama, si kwa Katibu, na ada yake ya kila mwaka iingizwe katika makisio. Hata chama ambacho hakitaweka seva kamwe, hatua hii moja yakitosha kukiokoa. Kwa maana mwenye jina aweza kuhamisha sanduku lake kutoka kampuni moja hadi nyingine, na anwani ikabaki ile ile.

La pili ni kompyuta. Haihitajiki kubwa. Barua za chama chenye wanachama mia kadhaa zatunzwa na kompyuta ndogo inayotumia umeme usiozidi ule wa taa moja au mbili. Jambo la kuangalia ni mahali inapohifadhi barua: kadi ndogo za kumbukumbu kama zile za simu huharibika upesi umeme unapokatika ghafla. Yafaa kutumia diski imara, pamoja na betri ya akiba au sola inayoweza kuishikilia kompyuta na ruta kwa saa kadhaa.

La tatu ni anwani ya IP ya kudumu. Hapa ndipo wengi hukwama. Wengi wetu hupata intaneti kwa laini ya simu, na kampuni za simu aghalabu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Barua za kutoka nje zikifika kwenye anwani hiyo hazina njia ya kujua nyumba yako ni ipi. Kuna njia mbili: kuiomba kampuni ya intaneti anwani ya kudumu iliyo yako peke yako, au kukodi seva ndogo katika kituo cha mitambo, yenye anwani yake, ikawa kama mlinzi wa lango, nayo iiletee kompyuta ya nyumbani barua kwa njia ya faragha. Mimi nilitumia njia ya pili. Barua zenyewe zilikaa Nsemulwa. Langoni zilipita tu.

JINSI YA KUIWEKA

Programu zinazohitajika hazilipiwi. Postfix, iliyotolewa mwaka 1998 na Wietse Venema, ndiyo tarishi: hupokea na kupeleka. Dovecot, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Timo Sirainen, ndiyo karani wa masijala: huhifadhi barua na kumfungulia mwenye sanduku anapotoa neno la siri. Zote mbili huwekwa juu ya mfumo wa Linux.

Baada ya hapo huandikwa maingizo 5 katika DNS. Nitayaeleza kwa lugha yetu.

MX hutangaza ni seva ipi inayopokea barua za chama. Ni kama kibao cha ghala: bila hicho, mwenye mzigo hajui pa kushusha.

PTR huthibitisha kinyume chake, kwamba anwani ile ya namba kweli ni ya jina lile. Ingizo hili huwezi kuliandika mwenyewe. Huandikwa na kampuni inayomiliki anwani, au kwa idhini yake. Liombwe mapema.

SPF ni orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma barua kwa jina la chama, kama orodha ya watia sahihi iliyopo benki.

DKIM ni sahihi yenyewe. Seva hutia alama kila barua kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa kuhakikishia hutangazwa hadharani, ili mpokeaji ajue kwamba maneno hayakubadilishwa njiani.

DMARC humwambia mpokeaji afanye nini na barua ambayo haikuthibitishwa na SPF wala DKIM: aipokee tu na kuarifu, aitenge, au aikatae. Yafaa kuanza na kuarifu, kisha kukaza baada ya wiki kadhaa.

Mwisho, seva ipewe cheti cha usalama ili mazungumzo yake yasimbwe. Cheti hupatikana bure kwa Let's Encrypt, lakini muda wake hauzidi miezi 3; kwa hiyo seva iagizwe kukihuisha yenyewe. Makatibu watumie mlango wa 587 au 465 kutuma, na 993 kusoma. Mlango wa 25 ni wa seva kwa seva.

INAPOKWAMA

Barua yangu ya kwanza niliiandika kwa mwenzangu aliyeko Sumbawanga. Haikufika. Nami nikafanya kosa ambalo nimewakemea makatibu wengi kwa kulifanya katika vitabu vya hesabu: nikaanza kufuta na kusahihisha kabla ya kusoma. Kwa jioni mbili nilibadilisha hiki na kile, nikaharibu hata yale yaliyokuwa sawa. Siku ya tatu nikakaa chini, nikasoma daftari la matukio kama mkaguzi. Ilikuwa wazi: kila seva niliyoigongea, ya Sumbawanga au ya Ulaya, haikujibu hata neno. Seva zote za dunia haziwezi kufungwa siku moja. Basi kizuizi kilikuwa karibu nami. Kampuni iliyoniletea intaneti ilikuwa imefunga mlango wa 25 wa kutokea, kama zifanyavyo kampuni nyingi ili kuzuia barua taka. Hapo ndipo nilipokodi lile lango.

Kanuni, basi, ni ile ile ya ghala. Robota likipotea, mkaguzi haanzi kwa kuuliza nani kalichukua. Huuliza: hati ya mwisho inayolitaja ni ipi? Kisha hubadilisha jambo moja tu kwa wakati, na kuliandika katika daftari pamoja na tarehe. Fuateni utaratibu huu.

1. Someni daftari la matukio na foleni. Amri ya mailq huonyesha barua zinazongojea. Katika daftari la Postfix kila barua huwa na hali yake: sent maana yake imekabidhiwa, deferred imeahirishwa, bounced imerudishwa. Kama barua haimo kabisa, basi haikufika hata kwenye seva yenu. Tazameni simu au kompyuta ya mtumaji.

2. Tazameni tarakimu ya kwanza ya jibu. Ikianza na 2, upande wa pili umepokea, na deni si lenu tena. Ikianza na 4, ni kwaheri ya kuonana: seva itajaribu tena yenyewe, nanyi msiitume barua upya kila saa. Seva nyingine humkataa mgeni mara ya kwanza kwa makusudi, ili zione kama atarudi. Ikianza na 5, ni kukataliwa. Someni maneno yanayofuata, kwa maana sababu huandikwa hapo hapo.

3. Kama hakuna jibu lolote, ila muda umekwisha, jaribuni seva nyingine 2 au 3. Moja ikishindwa, shida iko kwake. Zote zikishindwa, shida iko kwenu au kwa kampuni ya intaneti.

4. Barua ikipokelewa lakini ikatupwa kati ya barua taka, kagueni PTR, SPF na DKIM. Mimi nilipohamia kwenye lango nilisahau kuongeza anwani yake katika SPF. Kwa hiyo nilikuwa natuma kwa mkono ambao mwenyewe sikuuidhinisha. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo wameongeza masharti juu ya vitambulisho hivi, na barua isiyo navyo yaweza kukataliwa kabisa. Tazameni pia kama anwani yenu imo katika orodha za kuzuia, kama ile ya Spamhaus. Anwani nyingi za majumbani huwekwa humo bila ya kosa lolote, kwa sababu tu hazitazamiwi kutuma barua moja kwa moja.

5. Barua za kutoka nje zisipoingia, kagueni MX, kisha kama jina la MX laelekea anwani iliyo sahihi, kisha kama mlango wa 25 wa kuingilia u wazi. Ingizo la DNS likibadilishwa, mabadiliko yaweza kuchukua saa kadhaa kuenea. Ngojeni kabla ya kubadilisha tena.

6. Baada ya umeme kukatika, tazameni saa. Kompyuta nyingi ndogo hazina betri ya saa. Zikiwaka kabla ya intaneti kurudi, huamini kuwa bado ni siku iliyopita. Kwangu ilitokea hivyo: mtambo ulikwama, kumbe saa ndiyo iliyokosea. Intaneti iliporudi saa ilijirekebisha, na ugonjwa ukapona bila dawa.

7. Tazameni diski. Ikijaa, seva huanza kuwakataa wageni. Mara nyingi kinachoijaza si barua, bali daftari la matukio ambalo halikupunguzwa.

Mtambo ukizimika usiku kucha, msiwe na hofu ya kupoteza barua. Kanuni za SMTP zaagiza kwamba seva inayotuma iendelee kujaribu, kwa kawaida kwa siku 4 au 5 hivi, kabla ya kumrudishia mwenye barua. Mkizimika kwa wiki nzima ndipo mtakuwa mmepoteza.

HATARI MBILI

Ya kwanza ni seva isiyo na mlinzi, inayokubali kupeleka barua za mtu yeyote kwenda popote. Watuma barua taka huitafuta usiku na mchana, na wakiipata huituma kazi hadi anwani yenu ikachafuka mbele ya dunia. Seva ipeleke nje barua za wale tu waliotoa neno la siri. Na maneno ya siri yawe marefu. Katika daftari langu nilikuta wageni kutoka nchi nisizozijua wakijaribu kubahatisha majina tangu siku ya kwanza.

Ya pili ni kutokuwa na nakala. Masijala iliyo katika diski moja yaweza kuteketea kwa radi moja, na radi za Mpanda mnazijua. Nakala ya kila usiku iwekwe katika diski nyingine, na nakala ya kila wiki ikae nje ya nyumba ile. Tena ijaribiwe: nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni sawa na stakabadhi ambayo hujaisoma.

NI CHAMA GANI KISIJARIBU

Nasema bila kificho. Kupokea na kutunza barua ni kazi rahisi. Kuaminiwa na seva za wengine ndiyo kazi ngumu, tena haiishi. Yahitaji mtu wa kuitazama kila wiki. Chama chenye mtu mmoja tu anayeielewa kompyuta kisiweke seva, kwa maana siku mtu huyo akiondoka tutakuwa tumerudi pale pale tulipoanzia: barua za chama mikononi mwa mtu asiyekuwepo. Chama cha namna hiyo kisajili jina lake, kikodi masanduku katika kampuni kwa jina hilo, na kila mwezi kihifadhi nakala ya barua zake ofisini. Kwa kufanya hivyo kitakuwa kimepata sehemu kubwa ya faida kwa sehemu ndogo ya taabu. Vyama kadhaa vyaweza pia kushirikiana seva moja chini ya Chama Kikuu, wakiwapo watu 2 au 3 waliofundishwa.

WAJIBU WA KAMATI

Taarifa za vyama sasa huingizwa katika mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, lakini mapatano, madai na malalamiko bado hupita katika barua. Kamati ya chama, si Katibu peke yake, iwe na majibu ya maswali haya: Jina la chama limesajiliwa kwa nani, na ada yake yaisha lini? Maneno ya siri ya msimamizi yamo katika bahasha iliyofungwa ndani ya kasha la fedha? Nani wa pili anayeweza kuiwasha seva? Nakala ilijaribiwa lini mara ya mwisho?

Aidha, barua za chama hubeba majina ya wanachama, madeni yao na namba za akaunti zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yamtaka anayekusanya taarifa za watu kujisajili kwa Tume inayohusika na kuzilinda taarifa hizo. Kuiweka seva nyumbani kwa mtu hakumwondolei chama wajibu huo. Kwa hiyo mwenye nyumba atie sahihi hati ya makabidhiano, kama anavyotia sahihi anayekabidhiwa mizani ya chama.

Wala Katibu anapoondoka, makabidhiano yasiishie kwenye funguo, muhuri na vitabu. Sanduku la baruapepe lifunguliwe mbele ya Kamati, neno la siri libadilishwe hapo hapo, na jambo hilo liandikwe katika muhtasari. Ni kazi ya nusu saa. Wakulima niliowataja mwanzoni wangefanyiwa nusu saa hiyo, wangekuja mezani na barua zao wenyewe mkononi.

Wenu katika kazi,
Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika,
Nsemulwa, Mpanda.